Hazina ya michezo ya mkononi: itunzwe vipi, ionyeshwe vipi?

Wazee wetu walipojenga nyumba za mawe kule Lamu hawakuziacha tupu kuta za ndani. Walizichonga zidaka, safu juu ya safu, na humo wakapanga sahani na mabakuli ya kauri yaliyokuja na vyombo kutoka mbali. Mgeni aliyebahatika kufika mpaka ndani alijua mara moja kuwa mwenye nyumba ni mtu wa safari, ama ni mtu wa kufanya biashara na wasafiri. Sahani zile hazikupakuliwa wali. Zilikuwa za kutazamwa tu.

Nimezikumbuka zidaka hizo kwa sababu ya mpwa wangu, mwana wa dada yangu, aliyerejea Mombasa baada ya miaka mingi ya kukaa Uingereza. Katika mizigo yake mlikuwa na mkebe mkubwa wa bati, ule wa biskuti, amefungwa kwa nguo kama aliyebeba mayai. Dada yangu alidhani ni dhahabu. Alipoufungua tuliona vibandiko vya plastiki, vingi vyake vya kijivu, kila kimoja hakipiti upana wa vidole vitatu au vinne, na usoni mwake kimebandikwa kijipicha cha rangi.

“Hizi ni katriji za Game Boy, mjomba,” akaniambia. “Ziko sitini na moja. Nataka unitafutie fundi seremala hodari anifanyie kabati la ukutani.”

Dada yangu akauliza kama mtu mzima mwenye ndevu hatachekwa kwa kutundika vitu vya kuchezea watoto barazani mwake. Mimi sikucheka. Nilichukua kiti, nikamwambia mpwa wangu anieleze, na yale niliyoyapata kwake na katika kuyachunguza baadaye ndiyo nitakayokuhadithia, msomaji.

Kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, nchini Japani, ilianzishwa mwaka 1889, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karata za kuchezea ziitwazo hanafuda. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1980, mhandisi wake Gunpei Yokoi alitoa vimashine vidogo vya Game & Watch, kila kimoja na mchezo wake mmoja. Inasimuliwa kwamba fikira hiyo ilimjia ndani ya treni, alipomwona mtu akipoteza wakati kwa kubonyezabonyeza kikokotoo chake. Kisha mwezi wa Aprili mwaka 1989 wakatoa Game Boy. Mwezi wa Julai mwaka huo huo ikafika Marekani, na mwaka 1990 ikaingia Ulaya.

Mashine yenyewe haikuwa ya fahari. Kioo chake kilikuwa cha rangi ya majani yaliyofifia, tena hakina taa, na mchezaji ilimbidi akae karibu na dirisha ili aone. Washindani walikuja na vioo vya rangi, lakini vikala betri kwa pupa, na Game Boy ikaendelea kwa saa nyingi na betri nne tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa hekima ya Yokoi: tumia kitu kilichokwisha kuzoeleka, cha bei ndogo na kisichoharibika upesi, halafu fikiri upya namna ya kukitumia. Ikihesabiwa pamoja na ndugu yake wa rangi, Game Boy Color ya mwaka 1998, mashine hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Yokoi mwenyewe alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 1997, kabla ya kuliona jambo hilo likitimia.

Kuhusu uimara wake kuna Game Boy moja mashuhuri. Iliungua wakati wa vita vya Ghuba kambi ya askari ilipopigwa bomu, gamba lake likayeyuka na kukunjamana, na hata hivyo ikawaka. Kwa miaka mingi ilionyeshwa katika duka la Nintendo mjini New York, imewashwa, na kiooni mwake vipande vya Tetris vikishuka pole pole.

Lakini mashine bila katriji ni mwili bila roho. Mchezo wenyewe umo ndani ya katriji, umeandikwa katika chipu tangu kiwandani, na maandishi hayo hayafutiki kwa kuzima. Wala sumaku haiwezi kuyafuta. Hapa ndipo katriji ilipozishinda kanda zetu za taarabu. Nani kati yetu hakuwahi kuipoteza sauti aliyoipenda kwa sababu mtoto aliiweka kanda juu ya spika?

Basi, kama mchezo haufutiki, tatizo liko wapi? Liko katika betri.

Katriji zilizotangulia, kama Tetris, hazikuwa na betri ndani. Ukizima, alama ulizopata zimekwenda. Baadaye ikaja michezo mirefu isiyomalizika kwa siku moja, na ikawa lazima mchezaji aweze kuweka alama ya pale alipofika, kama msomaji atiavyo unyoya kati ya kurasa. Kumbukumbu hiyo iliwekwa katika chipu ya aina nyingine, ambayo huhifadhi kwa muda wote inapopata umeme na husahau kila kitu unapokatika. Ili usikatike, watengenezaji walitia ndani ya katriji betri bapa ya lithiamu mfano wa sarafu, ya volti tatu. Namba zilizoandikwa juu yake ndizo kipimo chake: CR2025 ni milimita 20 kwa upana na mbili na nusu kwa unene, CR1616 ni 16 kwa moja na sita. Betri hiyo inafanya kazi usiku na mchana, hata katriji ikiwa sandukuni, miaka kumi na mitano, ishirini, nyingine zaidi. Kisha hufa kimya kimya. Mwenyewe hajui mpaka siku atakapoiwasha.

Ile michezo ya Pokémon ya dhahabu na ya fedha, iliyotoka Japani mwaka 1999, ndiyo iliyoanza kufa mapema, maana ndani yake mna saa inayohesabu siku na nyakati, na saa hiyo inakula betri ile ile. Zile za Game Boy Advance, mashine iliyofuata mwaka 2001, zimepishana. Katika Pokémon ya rubi na ya yakuti kumbukumbu inakaa katika chipu isiyohitaji umeme, kwa hiyo betri ikifa ni saa tu inayosimama. Mwenye mkusanyiko inampasa ajue ipi ni ipi.

Nilipokuwa nimekwisha kuelezwa hayo, mpwa wangu alitoa katriji moja ya Link's Awakening, mchezo wa mwaka 1993, akaitia katika mashine, akaniwekea mkononi. Mchezo huo una nafasi tatu za kuandika majina, na jina halipiti herufi tano. Nafasi ya pili na ya tatu zilikuwa tupu. Ya kwanza ilikuwa na jina la kaka yake.

Kaka yake huyo ndiye aliyekuwa mpwa wangu mkubwa. Alitutoka akiwa kijana, huko huko ugenini, na wala sikuwahi kumzika. Katriji waliinunuliwa na baba yao katikati ya miaka ya tisini, wakaigombea. Jina lile aliliandika kwa mkono wake, kwa vidole vya mtoto wa miaka kumi na mmoja, na tangu wakati huo linashikiliwa na betri isiyozidi sumuni kwa ukubwa.

“Sasa nikiifungua kubadilisha betri,” akasema, “jina linafutika. Nisipoifungua, litafutika lenyewe. Na siku sijui.”

Nilimrudishia mashine yake. Tukanywa kahawa.

Nitarudi kwa jambo hilo. Kwanza nizungumze juu ya utunzaji, maana hewa ya pwani haina huruma. Wanaohifadhi vitu hivi hupenda unyevu wa hewa uwe arubaini hadi hamsini katika mia. Hewa ya Mombasa aghalabu hupita sabini, na juu yake kuna chumvi ya bahari. Chumvi na unyevu hula shaba. Katriji ya Game Boy ina meno thelathini na mawili ya kugusia mashine, na jino moja likichafuka mchezo hauendi. Dalili yake ni rahisi kuijua: unapoiwasha, jina la Nintendo hushuka kutoka juu ya kioo, na ikiwa meno machafu, mahali pa jina hushuka kipande cheusi kitupu.

Watoto wa dunia nzima walikuwa na dawa moja, kupuliza. Hakuna aliyewafundisha, na wote waliijua. Kumbe pumzi ya mtu ina maji, na maji hayo ndiyo yanayozidisha kutu. Dawa yenyewe ni kijiti cha pamba kilichotiwa spiriti safi kidogo, kupangusa meno polepole, na kuacha yakauke kabla ya kuchomeka. Mwenye kutaka kusafisha zaidi huifungua, na hapo atahitaji bisibisi yake maalumu, kwani skrubu ya katriji hizi haikubali bisibisi ya dukani kwetu.

Dada yangu kwa wema wake alimwaga mchele ndani ya mkebe ili ukaushe. Baada ya wiki mbili mkebe ulikuwa na fukusi. Kinachofaa ni vile vifuko vya chembechembe za silika vinavyokuja na viatu vipya au kamera. Hunyonya unyevu, na vikishiba huweza kukaushwa kwa moto mdogo vikatumika tena. Na boksi liwe la kufunga sawasawa, si la kubana hewa hata kidogo bila kikaushio ndani, maana unyevu uliofungiwa hutia ukungu upesi kuliko uliopo nje. Nafthalini, tunazotia katika makasha ya nguo, zikae mbali: mvuke wake huweza kulainisha baadhi ya plastiki. Na udi pia, nasikitika kusema, maana moshi wake huacha utando wa mafuta juu ya kila kitu. Mipira ya kufungia huyeyuka ikagandamana na lebo. Mifuko laini ya plastiki ya bei rahisi hutoa mafuta na kunata kwenye wino. Na mashine yenyewe isihifadhiwe na betri zake nne ndani, zitavuja.

Tena usidharau boksi la kadibodi. Michezo hii iliuzwa katika maboksi mepesi ya karatasi, na watoto waliyachana siku ile ile ya kununuliwa. Ndiyo maana leo boksi tupu la mchezo adimu laweza kuuzwa ghali kuliko katriji yenyewe. Wajuzi huyavisha maboksi ganda la plastiki ngumu inayong'aa. Mpwa wangu ana maboksi tisa tu, na moja limeandikwa hesabu za shule ubavuni. Hataki kulifuta.

Sasa kuonyesha. Hapa ndipo seremala alipotaabika. Katriji ya Game Boy ina lebo usoni tu. Ukiisimamisha kama kitabu rafuni, unaona ukingo mtupu wa kijivu, na sitini na moja zikiwa pamoja hutambui ipi ni ipi. Boksi lina jina ubavuni, lakini wachache wanayo maboksi. Kwa hiyo mwenye kuonyesha hana budi aziweke uso mbele, kila moja na nafasi yake. Zitakula ukuta. Ama azilaze katika saraka pana na fupi, za mtindo wa zile zinazotunzia ramani, avute anapotaka kumwonyesha mtu.

Ukuta una adui wake, nalo ni jua. Miale yake hufifiza wino, na nyekundu na manjano ndizo zinazotangulia kwenda. Plastiki ya kijivu nayo hugeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku, kwa sababu ya kemikali za kuzuia moto zilizochanganywa ndani yake. Tangu mwaka 2008 wapenzi wa mashine za zamani wamekuwa wakizipaka dawa yenye haidrojeni peroksaidi kuzirudisha weupe, lakini wapo wasemao hudhoofisha plastiki, na mara nyingi umanjano hurudi. Afadhali kivuli. Kati ya katriji zote nilizosomea habari zake kuna moja tu inayolitaka jua: Boktai ya mwaka 2003, iliyotiwa kijicho cha kupokea mwanga, na mchezaji hana budi atoke nje mchana ili apate nguvu za kuwapiga mazimwi. Ukishacheza, nayo irudi kivulini kama wenzake.

Wengine hupanga kwa alfabeti, wengine kwa miaka. Mpwa wangu amepanga kwa rangi, nami nilimpinga mwanzo, kisha nikaona kuwa rangi zinasema kitu. Za kijivu ndizo za mwanzo. Ile ya manjano ni Donkey Kong Land ya mwaka 1995, ya sokwe na ndizi zake. Nyekundu na buluu ni Pokémon. Nyeusi ni zile zinazokubali mashine ya zamani na ya rangi pia. Zinazopenya mwanga ni za mashine ya rangi peke yake, na hizo hazina pengo pembeni, kusudi zikitiwa katika Game Boy ya zamani swichi ikatae kusogea. Kipande kidogo cha plastiki kimefanya kazi ya bawabu.

Wako pia wanaokusanya kwa ajili ya bei. Mwezi wa Julai mwaka 2021 katriji ya mashine ya nyumbani, Super Mario 64, ambayo haijafunguliwa, iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni moja na nusu. Tangu hapo watu wengi wamepeleka michezo yao ipewe alama na kufungiwa ndani ya ganda lisilofunguka. Mimi siwaelewi. Sahani ya zidakani ukitaka waweza kuiteremsha ukaila. Na bei zilipopanda zikazuka katriji za bandia, lebo zake zikimeremeta kupita kiasi. Lebo ya kweli aghalabu ina namba ndogo iliyokandamizwa bila wino, unaiona ukiiinamishia mwanga.

Na kuna sababu nyingine ya kutunza, ambayo naona ndiyo kubwa. Mwaka 2023 shirika la Marekani liitwalo Video Game History Foundation lilichunguza michezo ya zamani iliyotolewa nchini humo, likaona kuwa themanini na saba katika mia haiuzwi tena popote. Ya Game Boy iliyokuwa ingali ikiuzwa haikufika hata sita katika mia. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, Nintendo walilifunga duka la hewani la mashine yao ya 3DS, ambako michezo kadha ya Game Boy ilikuwa ikinunuliwa. Kwa mingi ya michezo hiyo, katriji zilizomo mikebeni mwa watu ndizo nakala zilizobaki za kushikwa kwa mkono. Makumbusho ya The Strong mjini Rochester, Marekani, yanazikusanya, na mwezi wa Oktoba mwaka 2024 Nintendo wenyewe walifungua makumbusho yao mjini Uji, karibu na Kyoto, katika jengo lililokuwa kiwanda chao. Karata za hanafuda zimo humo pamoja na Game Boy.

Turudi kwa jina. Mpwa wangu alifahamu zamani kwamba kuna kifaa kidogo kinachochomekwa katika kompyuta, ukatia katriji juu yake, kikanakili kumbukumbu bila kufungua kitu. Alikuwa nacho mwaka mzima. Alichokosa ni moyo: aliogopa kwamba katika kuichomeka na kuichomoa, ndipo betri itakapokata. Nilimwambia atafute mchana ambao mama yake hayupo. Hakukubali. Alitaka mama yake awepo.

Basi tulikaa watatu. Alipangusa meno ya katriji kwa spiriti, akangoja yakauke, akachomeka. Kazi ile haikuchukua hata dakika moja. Alinakili mara tatu, akalinganisha nakala zote, akazitia mahali pawili tofauti. Siku ya pili tulikwenda kwa fundi wa redio, mtu wa lehemu ya mkono mwepesi, tukiwa na betri mpya iliyokwisha kuungwa vijisikio vyake kiwandani, kwa sababu lehemu haitiwi juu ya betri yenyewe, joto laweza kuipasua. Fundi akaitoa ile ya zamani, akatia mpya. Tulipoiwasha pale pale dukani nafasi zote tatu zilikuwa tupu. Dada yangu aliitazama ile kioo, akainuka akatoka nje.

Jioni, nyumbani, mpwa wangu akalirudisha jina kutoka katika kompyuta. Likatokea nafasi ya kwanza, kama lilivyokuwa.

Kabati limekwisha, la mvule, lina vioo na saraka mbili chini, na limewekwa ukuta usiopata jua. Seremala alichonga nafasi sitini na moja. Sitini zina katriji. Ile moja dada yangu ameichukua, iko katika kasha lake, ndani ya kanga, pamoja na vifuko viwili vya silika. Betri ya zamani ameiweka kando yake, na mpwa wangu amemwonya kwamba huenda ikavuja. Amemjibu kuwa ataitazama kila Ijumaa.